Maji ya Mwili Uliopoa

Kipimajoto cha zebaki tulichokitumia hospitalini katika ujana wangu kilikuwa na mizani iliyoanzia digrii 35 na kukoma digrii 42, maana waliokibuni walikuwa na hofu moja tu, nayo ni homa. Na mgonjwa aliyepoa chini ya mwanzo wa mizani ile hakuwa na tarakimu, bali aliandikiwa katika kadi yake kwamba ni baridi, kana kwamba ubaridi ni jambo moja lisilo na daraja. Mimi nilizaliwa Mombasa, katika Mji wa Kale, ambako homa ndiyo adui mashuhuri na baridi ni sifa njema ya maji ya mtungi, na kwa hiyo sikuona upungufu wowote katika mizani ile mpaka nilipopelekwa Eldoret kufanya kazi ya maabara. Huko ndiko nilikojifunza kwamba baridi ina daraja zake kama homa, na kwamba katika kila daraja maji ya mwili hushika njia nyingine.

Eldoret imekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na wenyeji wangali wakiuita mji wao kwa namba, 64, kwa kuwa ofisi ya posta iliyouzaa ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba lililokuwa na namba hiyo. Hospitali yake kubwa, ambayo leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ilianza mwaka 1917 ikiwa nyumba ndogo ya kutibia Waafrika, na mwaka 1990 wanafunzi wa kwanza wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi waliingia darasani mjini humo. Mimi sikuajiriwa huko, bali katika hospitali ndogo ambayo sitaitaja, yenye madirisha marefu na vioo vichache, ambamo upepo wa mwezi wa Julai, unaoshuka usiku hadi digrii kumi au pungufu, uliingia wodini bila kubisha hodi.

Jambo la kwanza ambalo baridi ile ilinitendea halina heshima kulisimulia, lakini kumbukumbu inayoona haya kutaja choo haiwezi kusema kweli juu ya maji. Nilipanga chumba mtaa wa Huruma, choo kikiwa uani, mbali na mlango, na tangu nilipofika niliamka usiku mara kwa mara, nikajifunika blanketi mabegani na kuvuka ua ule huku meno yakigongana, ilhali sikunywa kikombe kimoja zaidi ya nilivyozoea kunywa kwetu. Nilishuku ugonjwa wa sukari, maana mtu wa maabara ni mwepesi wa kujitia maradhi anayoyapima kwa wengine; nikajipima, sukari haikuwapo. Jirani yangu, mzee aliyewahi kuwa dereva wa malori ya ngano, alicheka akaniambia, "Hiyo ni baridi inakukamua, mwanangu wa pwani, ikikuzoea itakuacha."

Sikuridhika na kukamuliwa bila kujua mkamuaji hutumia mkono gani. Katika maabara tulikuwa na chombo kidogo cha kioo kinachoelea ndani ya mkojo na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji safi. Mkojo wa mtu mwenye kiu hufika 1.030, na maji matupu ni 1.000. Mkojo wangu wa alfajiri, ambao kwa desturi ya mwili hupaswa kuwa mzito kuliko wa saa zote za siku, ulikuwa ukisoma 1.005, mweupe kama wa mtu aliyekunywa mtungi mzima. Mwili wangu ulikuwa ukimwaga maji ambayo haukupewa, na ajabu kubwa zaidi ni kwamba sikuona kiu.

Sababu yake niliipata vitabuni, tena baadaye, kwa kuwa sehemu moja ya jibu ilikuwa haijaandikwa bado. Baridi inapoigusa ngozi, mishipa midogo ya damu iliyo chini yake hujibana ili joto lisipotee, na damu iliyofukuzwa huko hurudi kifuani. Moyo, ambao hauna njia ya kujua kwamba damu haikuongezeka bali imehama tu, hutoa habari kwamba mwili umejaa kupita kadiri, na ubongo, ukiisadiki habari hiyo, hupunguza homoni iitwayo vasopresini, ambayo kazi yake ni kuziamuru figo zizuie maji. Figo za mtu mzima huchuja karibu lita 180 kila siku, kiasi ambacho kingemwua mtu kabla ya adhuhuri kama kingetoka chote. Sehemu kubwa mno hurudishwa damuni kwa vijia ambavyo havingoji amri ya yeyote, na ni sehemu ya mwisho tu, karibu moja kwa kumi, iliyoachiwa hukumu ya homoni. Katika mirija ya mwisho ya figo, vijia vya maji vya aina ya pili, ambavyo wataalamu huviita akwaporini-2, hukaa ndani ya seli katika vifuko vidogo. Vasopresini ikija, vifuko husogea hadi kwenye utando wa seli, vikaungana nao, na vijia vikajipanga mahali ambapo maji yanaweza kuvipitia. Vasopresini ikiondoka, utando hujikunja na kuvimeza tena.

Aliyewahi kungoja feri ya Likoni atanielewa upesi. Foleni haiwi ndefu kwa sababu chombo kimepunguza mwendo wake katika maji, kwa kuwa mwendo wa kuvuka haubadiliki sana. Foleni huwa ndefu pale vyombo viwili vinapotolewa kazini na kufungwa gatini, na watu wakabaki upande wa pili huku bahari ikiwa shwari. Ndivyo ilivyokuwa katika figo zangu: vijia havikuganda wala havikuziba, bali viliondolewa utandoni, na maji ambayo yangerejea damuni yakashuka kwenye kibofu.

Ikiwa hayo humpata mtu mzima aliyelala chini ya blanketi mbili, basi yampatayo aliyelala mtaroni ni makubwa zaidi. Katika miezi ile ya baridi, hasa baada ya mishahara, tuliletewa watu waliokunywa chang'aa wakaangukia njiani na kulala mpaka alfajiri, na nadhani hakuna mnasaba mbaya kama wa pombe na baridi, kwa sababu pombe nayo huizuia vasopresini, tena huifungua mishipa ya ngozi ambayo baridi ilikuwa ikijitahidi kuibana, mtu akaona joto wakati uleule anapolipoteza. Damu yao ilipowekwa katika mashine ya kuzungusha ilionekana nzito. Seli nyekundu zilichukua nafasi kubwa kuliko kawaida, nasi tulizoea kukadiria kwamba kiasi hicho huongezeka kama asilimia mbili kwa kila digrii moja ambayo mwili umeshuka, kwa sababu maji yametoka katika damu, mengine yakaenda kwenye mkojo na mengine yakajificha katika tishu. Na katika baridi kali zaidi figo huacha hata kuisikia homoni, kwani kazi ya kusogeza vifuko na kuviunganisha na utando hutaka nguvu na joto. Mtu aliyepoa sana aweza kuwa amekauka huku mkojo wake ungali mweupe. Hii ndiyo sababu matabibu wenye busara hawamsogezi mtu wa namna hiyo jikoni ghafula, wala hawamsugui mikono na miguu: mishipa ya ngozi ikifunguka kwa pamoja, damu iliyobaki haitoshi kuijaza, na moyo ukabaki ukisukuma utupu. Kwanza huongezewa maji ya chumvi yaliyopashwa moto, kisha hutiwa joto taratibu, kifua kikitangulia.

Hadithi ya kugunduliwa kwa vijia hivi inastahili kusimuliwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ina kiumbe wetu ndani yake. Tangu miaka ya 1950 Arthur Solomon wa Harvard na wenzake walikuwa wamepima mwendo wa maji katika seli nyekundu za damu wakaona kwamba maji hupita upesi kuliko mafuta ya utando yanavyoweza kuruhusu, na mwaka 1970 Robert Macey na mwenzake wakaonyesha kwamba chumvi za zebaki hupunguza mwendo huo sana. Lakini kijia chenyewe hakuna aliyekishika. Peter Agre wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, alikuwa akitafuta jambo jingine kabisa, protini za damu za kundi la Rhesus, alipokutana na protini ndogo iliyokuwa tele katika seli nyekundu na katika figo, isiyojulikana kazi yake. Mwaka 1992 yeye na wenzake waliitia amri ya kutengeneza protini ile katika mayai ya chura wa Afrika mwenye kucha, ambaye jamaa zake huishi katika madimbwi ya nyanda zetu za juu, na ambaye mayai yake kwa maumbile hayapitishi maji kwa urahisi, ndiyo maana hukaa dimbwini bila kupasuka. Mayai yaliyopewa protini ile yalipotiwa katika maji matamu yalivimba na kupasuka kwa dakika chache, na yale yaliyoachwa yakabaki salama. Mwaka 2003 Agre alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, pamoja na Roderick MacKinnon aliyechunguza vijia vya chumvi. Na nilisoma kwa furaha kwamba baadaye alielekeza juhudi zake kwenye malaria, akifuatana na watafiti wa Zambia, maana si kila aliyepewa taji hukumbuka kiumbe kilichomsaidia kulipata kilitoka bara gani.

Kwamba zebaki ile iliyokaa ndani ya vipimajoto vyetu, ikituficha waliopoa, ndiyo zebaki iliyowapa wataalamu dalili ya kwanza ya vijia ambavyo baridi huvitawala, ni sadifa tu, nami siipi maana kuliko inayostahili. Lakini ilinichekesha siku nilipoijua, na bado hunichekesha.

Jambo lililobadili fikira zangu lilikuwa jingine, nalo ni la hesabu ya joto. Maji yana njia mbili za kuvuka utando wa seli: aidha yapenye katika mafuta yenyewe ya utando, au yapite katika kijia cha protini, molekuli moja nyuma ya nyingine, karibu bilioni tatu kwa sekunde katika kijia kimoja. Njia ya mafuta hutaka nguvu nyingi ya joto, na kwa hiyo kila digrii inayoshuka huiumiza sana. Njia ya protini hutaka nguvu ndogo, karibu sawa na ile ambayo maji hutumia kuteleza juu ya maji wenzake ndani ya bilauri. Matokeo yake ni kinyume cha alichodhani kila mtu niliyemwuliza, nami nikiwa wa kwanza kudhani: seli ikipoa, kijia ndicho kinachobaki hodari, na mafuta ndiyo yanayogoma. Mamlaka ya baridi juu ya maji yamo katika idadi ya vijia na mahali vilipowekwa, katika amri na uchukuzi, na si katika kijia chenyewe. Hayo ndiyo maarifa niliyoyapata Eldoret, na tangu hapo kila nilipoona mwili uliopoa sikuuliza tena ni kitu gani kimeganda, bali ni kitu gani kimehamishwa.

Shemeji yangu, aliyelima mahindi Moiben, alinipa bila kukusudia ushahidi kutoka ufalme wa mimea. Alinionyesha asubuhi moja miche michanga iliyokunja majani kama iliyopigwa na ukame, katika udongo uliolowa kwa mvua ya jana, akasema kwamba hali ile huja baada ya usiku wa baridi kali ukifuatiwa na jua la mapema. Mizizi ya mahindi, mmea wenye asili ya nchi za joto, hupunguza kazi ya vijia vyake vya maji inapopoa, ilhali majani yaliyoamshwa na jua huendelea kupoteza mvuke. Mche hukaa na kiu huku miguu yake imo majini. Kufikia saa tano udongo ulikuwa umepata joto na majani yamekunjuka, na shemeji akanikejeli kwamba mahindi yake hayakuhitaji maabara.

Ila mahali ambapo niliyaona mambo haya kwa uchungu ni katika nasari, wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao. Masista waliniita huko usiku nikachukue tone la damu ya kisigino kupima sukari, na mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa baridi kwa kidole changu mara nyingi alikuwa na sukari ndogo. Shirika la Afya Duniani huhesabu joto la mtoto mchanga kuwa sawa kati ya 36.5 na 37.5, chini ya 36 ni hatari ya kadiri, na chini ya 32 ni hatari kuu, kwa hiyo kipimajoto kilichoanzia 35 kilikuwa kikiificha karibu hatari yote. Na mtu asidhani kwamba balaa hii ni ya milimani peke yake. Mtoto aliyelowa huweza kushuka digrii mbili hadi nne katika dakika kumi hadi ishirini za mwanzo wa maisha yake ikiwa hakukaushwa, kwani kila tone linalokauka juu ya ngozi huondoka na joto lake, na hata Mombasa nimesikia wakunga wakisema kwamba mtoto hawezi kupoa katika joto lile, wakamwogesha papo hapo. Shirika hilo hushauri kuoga kungoje saa 24.

Mtoto njiti hana uwezo wa kutetemeka. Silaha yake ni mafuta ya rangi ya kahawia yaliyo kati ya mabega, shingoni na kandokando ya figo, ambayo huungua kwa kutoa joto tupu. Lakini mafuta hayo huwekwa akiba katika wiki za mwisho za mimba, na yeye amezaliwa kabla ya akiba kujaa. Hapa ndipo vijia vya maji vinapojitokeza katika sura ambayo sikuitazamia. Baadhi yake hupitisha zaidi ya maji: kile cha aina ya saba, katika seli za mafuta, huiachia gliseroli itoke mafuta yanapovunjwa, na kile cha aina ya tisa, katika ini, huipokea, nalo ini huigeuza sukari. Baridi inapolazimisha mafuta kuvunjwa, ukoo uleule wa protini unaopeleka maji ndio unaopeleka kuni na unga. Mafuta yakiisha, hakuna gliseroli ya kusafirishwa, na hapo sukari hushuka. Tone la damu nililolibeba mpaka maabara yangu lilikuwa habari ya mwisho ya safari hiyo ndefu. Fauka ya hayo, figo za njiti zina vijia vichache vya aina ya pili, haziwezi kukaza mkojo, na ngozi yake nyembamba huvujisha maji hewani. Joto na maji kwake ni deni moja lililoandikwa katika daftari mbili.

Usiku mmoja umeme ulikatika mji mzima, na inkubeta zikaanza kupoa. Jenereta ilikuwapo, mafuta yake hayakuwapo. Bibi mmoja wa Kinandi, ambaye sote tulimwita kogo, alikuwa akimwuguza binti yake aliyejifungua mtoto asiyefika kilo moja na nusu, akasimama, akamwuliza sista wa zamu kwa sauti isiyo na hasira, "Sista, hiyo sanduku inapoa. Kifua cha huyu mama kimepoa?" Sista, ambaye alikuwa mwanamke mwerevu na asiyependa kubishana gizani, alimtoa mtoto, akamwacha na kofia na nepi tu, akamlaza wima kati ya maziwa ya mama yake, na kogo akawafunika wote wawili kwa blanketi na shuka yake ya mabegani. Asubuhi nilipochukua damu kisigino kilikuwa na joto, na sukari ilikuwa imepanda, kwa kuwa mtoto alikuwa amenyonya mahali alipolala.

Kogo hakujua, wala sista hakujua wakati ule, kwamba daktari Edgar Rey alikuwa ameanza jambo hilohilo mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchini Colombia, kwa sababu inkubeta zilikuwa chache kuliko watoto. Mwaka 2021 ulitangazwa uchunguzi mkubwa wa hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako ulifanyika Muhimbili: watoto 3,211 wenye uzito wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo moja na gramu mia nane, wengine wakiwekwa kifuani tangu walipozaliwa bila kungoja hali yao itulie, na wengine wakitunzwa kwanza kwa desturi ya zamani. Waliofariki katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 12.0, na katika la pili asilimia 15.7, na uchunguzi ukasimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa haikuwa insafu kuendelea kuwanyima wengine kifua.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimekwisha kuitwa mzee na vijana wa kazi, alikuja daktari kijana aliyesomea hapo hapo Eldoret, mwenye ari na maswali mengi, akanieleza jambo lililonishangaza: kwamba katika nchi tajiri mtoto aliyekosa pumzi wakati wa kuzaliwa, akawa ubongo wake umedhurika, hupozwa kwa makusudi hadi digrii 33 na nusu kwa muda wa saa 72, kisha hupashwa polepole, na kwamba tangu mwaka 2005 majaribio makubwa yameonyesha kuwa wengi huokoka kwa njia hiyo. Nilimwambia, "Daktari, nimetumia umri wangu kuona watoto wakifa kwa baridi, nawe waniambia ni dawa?" Akajibu, "Mzee, na chumvi je? Si kiasi tu?"

Alikuwa na haki, lakini kiasi hakikumaliza mjadala wetu. Ubongo una vijia vyake, vya aina ya nne, vilivyosongamana katika nyayo za seli ziitwazo astrositi zinazokumbatia mishipa ya damu. Kupitia vijia hivyo maji huingia ubongo unapovimba, na kupitia hivyo hivyo hutoka uvimbe unapopungua. Mwaka 2000 ilionekana kwamba panya waliozaliwa bila vijia hivyo hawakuvimba ubongo sana walipozidiwa na maji au walipopata kiharusi, na mtu akifika hapo hutamani kusema kwamba baridi huwaponya watoto kwa kuvipunguza. Wako waliopima wanyama waliopozwa baada ya kudhurika wakaona vijia vimepungua kweli. Lakini mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walizipoza seli za ubongo wa binadamu katika vyombo vya maabara wakaona kinyume: vijia vya aina ya nne viliongezeka juu ya utando, visivyotengenezwa upya bali vilivyopandishwa kutoka ndani, kwa amri ya chumvi ya kalisi iliyoingia seli zilipohisi mabadiliko ya joto. Daktari alikasirishwa na tofauti hii. Mimi ilinipendeza, kwa maana niliyatambua mambo ya figo zangu za Huruma katika sura iliyogeuzwa: huko baridi iliteremsha vijia, huku imevipandisha, na katika pande zote mbili kijia chenyewe hakikuwa na neno.

Tena palikuwa na habari za karibu zaidi nasi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, lilifanywa jaribio dogo lililotangazwa mwaka 2008, watoto 36, waliopozwa wakizungushiwa chupa za maji ya kawaida kwa kuwa mashine hazikuwapo. Ilithibitika kwamba kupoza kwa njia hiyo kunawezekana, lakini kati ya 21 waliopozwa walikufa saba, na kati ya 15 wengine alikufa mmoja. Idadi ilikuwa ndogo mno kutolewa hukumu, na watafiti wenyewe walionya hivyo. Ndipo mwaka 2021 ukatangazwa uchunguzi wa watoto 408 wa India, Sri Lanka na Bangladesh, katika hospitali zenye mashine na matabibu wa kutosha: waliopozwa walikufa asilimia 42, na wasiopozwa asilimia 31. Baridi ileile, digrii zilezile, saa zilezile. Watoto tofauti, pengine waliodhurika tumboni muda mrefu kabla ya kuzaliwa, na hivyo ubongo wao ulikuwa umekwisha kupanga maji yake upya kabla baridi haijafika. Mimi naona hilo ndilo linaloelekea zaidi, ingawa daktari alinionya nisiseme kwa uhakika wa mtu wa pwani.

Hakuomba mashine ya kupozea, na katika hilo nilimsifu. Alichotaka ni kujua jinsi maji yanavyorudi watoto wetu waliopoa kwa bahati mbaya wanapopashwa joto, hasa saa zile za kwanza, na akaniuliza kama maabara ingeweza kumpimia sodiamu ya damu kila baada ya saa chache. Tulikaa tukapiga hesabu: mtoto wa kilo moja ana damu isiyofika mililita mia, na mashine tuliyokuwa nayo ilitaka mililita mbili kwa kila kipimo, kwa hiyo katika siku moja ya uchunguzi tungekuwa tumemnywa mtoto sehemu isiyofaa kunywewa. Akaandika barua kuomba mashine inayoridhika na tone la kisigino, akaambatisha na maombi ya vipimajoto vinavyosoma kuanzia digrii 25, nami nikatia sahihi chini ya jina lake.